Moyo Usogee

Kwenye kioo cha kompyuta dokta alinionyesha moyo wangu:
kivuli tu, kimejibanza nyuma ya titi la kushoto
kama mtoto nyuma ya khanga ya mama mgeni akibisha hodi.
"Ugonjwa ulikuwa hapa," akaweka kalamu.
"Na moyo ndio huu."
Kati yao, upindo wa sketi ya shule.
Nusu inchi. Naijua nusu inchi.
Miaka ishirini na sita nashona barazani Mbuyuni,
nimefumua suruali za watu bila kuchana kitambaa,
wembe ukipita kati ya uzi na uzi.
Nikamuuliza, huo mwali wenu una macho?
Hauna, akasema.
Ndiyo maana tunaomba pumzi yako.

Pumzi!
Nilidhani wataomba damu, au hela, au kihamba cha Uru.
Kumbe kifua kikijaa hewa
pafu huvimba, moyo hushuka,
hurudi nyuma kidogo, huacha nafasi,
na mwali hupita mbele yake
kama mvua ya Rau inayokatikia darajani,
Majengo wakabaki na nguo zao kavu kambani.

Wakanichora. Kundaeli, kijana wa mashine,
mikono baridi, akiomba radhi kila alama.
Nikamwambia, mwanangu, mstari huo umepinda.
Akapima tena.
Ulikuwa umepinda.

Nyumbani Pasua, Ndelilio alishika saa.
Siku ya kwanza sekunde tisa, nikakohoa.
Ya pili kumi na tatu; jirani akapita anamgombeza mbuzi, nikacheka, ikamwagika yote.
Ya tano, ishirini.
Nikamtazama mume wangu: mishipa imemtoka shingoni,
naye ameibana yake, hajijui.
Wewe unamkinga nani? nikamuuliza.
Hakujibu. Akarudisha mshale kwenye sifuri.

Kisha chumba chenyewe, ukuta mnene kuliko wa benki.
Wote hutoka. Mlango hujifunga taratibu, kama mtu mnene anayekaa.
Sauti darini: "Vuta, mama. Vuta. Shikilia."
Nami nashikilia.
Hakuna kinachouma, hakuna kinachonuka,
ila mimi, na hewa ya watu wote wa Moshi niliyoikopa,
na moyo kule chini umejikunyata,
unanidunda: tayari? tayari?
"Pumua."

Sitasema uongo, si kila kitu kilikingika.
Wiki ya nne kwapa liliiva,
ngozi ikageuka rangi kama poplini iliyosahauliwa chini ya pasi ya mkaa.
Sabuni ya maua, marufuku. Sidiria, marufuku.
Nilivaa khanga kuukuu, ile laini ya kubebea watoto,
na pedeli ya cherehani ikawa nzito kama jiwe la kusagia.

Kwenye benchi nilikaa na Bwana Mchomvu wa Usangi, mgonjwa wa koo,
chupa ya maji haimtoki mkononi.
Tezi ya mate ya kulia walimwokolea.
Ya kushoto ilikuwa imepanga mlango mmoja na ugonjwa.
"Nusu ya mate," alisema, akanywa, akangoja sauti irudi,
"yanatosha kumeza uji.
Ya kutemea watu sina tena."

Jana nilirudi barazani.
Sindano namba kumi na nne, uzi wa buluu.
Nikalowesha ncha ya uzi, nikakunja jicho,
na hapo ndipo nilipojigundua:
nimebana pumzi.
Tangu usichana, kila nitungapo uzi, nabana pumzi,
hakuna aliyenifundisha wala aliyenihesabia.
Sita. Saba. Uzi ukapita.
Kifuani kitu kikasogea, kwa mazoea, kikapisha.

Mteja akaja juu: fundi, gauni langu je?
Nikamwinulia kidole.
Nilikuwa bado sijaachia.